Baba akifika nyumbani analivua

Swali: "Shikamoo mtaalamu. Baba yangu ni mwalimu mstaafu, ana miaka 67, tunaishi Kiwira, wilaya ya Rungwe. Ana kisukari cha miaka mingi na miguu yake ina ganzi. Tangu mwezi wa kwanza ana kidonda kwenye unyayo wa kulia, pale chini ya shina la kidole gumba. Kliniki walimpa buti refu la plastiki lenye mikanda, la kuvaa na kuvua. Kanisani na hospitalini analivaa, lakini akifika nyumbani analivua na kuingia kwenye ndala. Kidonda kinapungua kidogo, kisha kinarudi palepale. Sasa muuguzi anataka walizungushie plasta asiweze kulivua. Baba amekataa, anasema yeye si ng'ombe wa kufungwa kamba. Je, kweli kuna haja ya kumfunga? Na tukimtafutia fundi wa Mwanjelwa, Mbeya mjini, amshonee viatu vya tairi vyenye sponji laini ndani, si itatosha?"

Jibu: Marahaba, binti yangu. Nianze na jibu lenyewe, maelezo yafuate. Muuguzi wenu anashauri vizuri. Ila kabla plasta haijazungushwa, daktari athibitishe mambo mawili: kwamba damu inafika vya kutosha kwenye mguu huo, na kwamba kidonda hakina maambukizi ya kuhitaji kutazamwa kila siku. Viatu vya tairi kwa sasa hapana, hata fundi awe hodari namna gani. Huyo fundi ana kazi nyingine ya kumfanyia baba, nitaieleza mbele.

Mimi natengeneza viungo bandia na vifaa saidizi. Mambo ya insulini na vidonge nawaachia wenyewe. Kazi yangu ni unyayo na kile unachokanyaga.

Nyumba nyingi zenye kidonda cha aina hii zina kapu lililojaa dawa. Utakuta iodini, asali, malhamu ya duka la dawa, na vidonge vya rangi mbili vilivyofunguliwa unga wake ukanyunyizwa juu ya kidonda (hilo acheni kabisa). Fedha zinaisha kwenye kapu. Chini ya unyayo hakuna kilichobadilika. Mtu mwenye hisia zake akiumia unyayo anaanza kuchechemea bila hata kuwaza. Anahamishia uzito upande wa pili, anatafuta pa kukaa. Baba hapati taarifa hiyo, kwa kuwa mishipa ya fahamu iliyokuwa ikiipeleka imeharibiwa na sukari. Anakikanyaga kidonda chake kwa uzito wote, tena nadhani kwa mwendo wa mwalimu aliyezoea kufika kabla ya kengele. Na hapo kidonda kilipo ndipo mguu unaposukumia ardhi mwisho wa kila hatua, kwa hiyo ndipo mgandamizo unapokuwa mkubwa. Ngozi inajitetea kwa kuota sugu. Sugu nayo ni ngumu, inaongeza mgandamizo, nyama ya chini inapondeka. Kidonda mnachokiona ni tundu la juu tu la kilichopondeka ndani.

Ukoma uliwafundisha madaktari jambo hili kabla ya kisukari. Daktari Paul Brand, aliyefanya kazi Vellore, India, katikati ya karne ya 20, alionyesha kwamba nyayo za wagonjwa wa ukoma hazikuwa zikioza zenyewe kama watu walivyoamini. Zilikuwa zikiumizwa na mwendo wa kila siku kwa sababu hazikuhisi. Alizifunga plasta ngumu, ile POP wanayofungwa waliovunjika, na vidonda vya muda mrefu vikapona. Plasta hiyo haikuwa na dawa yoyote ndani yake.

Sasa tuliangalie buti. Soli yake haikunjiki, na chini imepinda kama miguu ya kiti cha kubembea, ili mguu ubingirike kutoka kisigino kwenda mbele bila vidole kukunjwa. Kifundo cha mguu kimefungwa kwenye pembe moja, kwa hiyo ule msukumo wa mwisho wa hatua haupo tena. Halafu kuna jambo ambalo wagonjwa wengi hawalitarajii: ile sehemu ya juu inayobana shavu la mguu inabeba uzito pia. Kwa plasta iliyofungwa vizuri hadi chini ya goti, vipimo vya miaka ya 1990 vilionyesha kwamba karibu theluthi ya uzito inaishia kwenye ukuta wa plasta bila kufika kwenye unyayo. Ndiyo maana buti ni refu. Mgonjwa anayelegeza mikanda ya juu kwa sababu inabana shavu la mguu, akaacha ya chini tu imefungwa, amejipunguzia tiba bila kujua. Ndiyo maana pia buti fupi la kifundoni au kiatu kilichokatwa mbele huwa tunavitoa pale tu refu lisipopatikana au mgonjwa asipoliweza.

Kwa kuwa baba ni mwalimu, msomee takwimu, pengine zitamwingia kuliko kubembelezwa. Mwaka 2001 huko Marekani, David Armstrong na wenzake walilinganisha njia tatu kwa wagonjwa wenye vidonda vya unyayo kama chake. Waliofungwa plasta ngumu walipona karibu asilimia 90 ndani ya wiki 12. Waliopewa buti la kuvua walipona asilimia 65. Waliopewa kiatu nusu, kile kilichokatwa mbele, asilimia 58. Jambo la kushangaza ni kwamba mashine za kupima mgandamizo zilikuwa zimeonyesha buti lile linapunguza mzigo karibu sawa na plasta. Kama kifaa kina nguvu ileile, tofauti ilitoka wapi?

Jibu lilipatikana mwaka 2003. Watafiti hao waliwawekea wagonjwa vihesabu hatua viwili, kimoja kiunoni na kingine kimefichwa ndani ya buti. Kiunoni kilihesabu hatua zote za siku, cha kwenye buti kilihesabu zile tu zilizopigwa likiwa mguuni. Buti lilikuwa mguuni kwa asilimia 28 tu ya hatua. Na hao walikuwa watu wenye vidonda wazi, wameelezwa umuhimu wake na madaktari wao. Kwa hiyo baba yako si mkaidi kuliko wengine, na sidhani kumfokea kutasaidia. Mwaka 2005 wakachukua buti lilelile la kuvua, kwa nusu ya wagonjwa wakalizungushia bandeji ya plasta lisivulike, nusu wakawaachia wavue. Ndani ya wiki 12 waliozungushiwa walipona takriban asilimia 83, walioachiwa asilimia 52. Hicho ndicho muuguzi wenu anachokipendekeza. Mwongozo wa kimataifa wa mguu wa kisukari uliotolewa upya mwaka 2023 unaweka kifaa kisichovulika, kinachofika chini ya goti, kuwa chaguo la kwanza kwa kidonda cha aina hii. La kuvua ni la pili.

Mgonjwa wa buti akija kwangu, kabla sijamuuliza lolote nalipindua buti lake. Buti lililotembea wiki sita lina kona ya nje ya kisigino iliyolika, na mifereji ya soli imejaa udongo mkavu. Likiwa bado linasomeka maandishi ya kiwandani, najua limetembelea korido za hospitali tu. Kisha naomba anionyeshe ndala. Ndala ya mguu wenye kidonda huwa na bonde mahali palepale kidonda kilipo. Ukiweka kidole gumba cha mkono kinazama humo. Pembeni ya bonde wakati mwingine kuna doa la majimaji yaliyokauka. Mgonjwa akiliona mwenyewe, mazungumzo yanakuwa mafupi. Fanyeni hivyo na baba. Chukueni ndala yake ya kulia, muisimamishe kwenye mwanga wa mlangoni, mwachieni aitazame.

Watu wengi hufikiri nyumbani ni mahali pa kupumzika, kwa hiyo ndala ina madhara gani. Utafiti wa Uholanzi wa mwaka 2013, kwa watu waliowahi kupona vidonda na kutengenezewa viatu maalumu, ulikuta wanavivaa kwa asilimia 87 ya hatua za nje na asilimia 61 tu ya hatua za nyumbani. Na hatua nyingi za siku zilikuwa za nyumbani. Hao wanaishi kwenye nyumba zenye choo ndani. Wewe hesabu za Kiwira: kutoka chumbani hadi jiko la nje kuota moto, kurudi, kwenda choo cha uani, kumfungulia mgeni, kuzunguka migomba kuangalia kama upepo umeangusha mkungu, kwenda bombani. Usiku sukari ikiwa juu mtu anakojoa mara nyingi, na hapo giza limeingia, hakuna anayekaa kufunga mikanda mitano. Anachomeka ndala anatoka. Kanisa ni siku moja kwa wiki. Buti linavaliwa kwenye hatua chache na kuvuliwa kwenye hatua nyingi.

Sababu za kulivua nazo si za kipuuzi, na mkizitatua mtakuwa mmemaliza sehemu kubwa ya ugomvi. Kwanza kuna adabu ya mlangoni: hakuna mzee wa heshima anayeingia sebuleni na buti la matope. Kwa mvua za Rungwe, matope yapo miezi mingi ya mwaka. Basi wekeni kiti mlangoni, ndoo ya maji kidogo na kitambaa, na kijana wa nyumbani awe na kazi ya kufuta soli ya buti kila babu anapoingia. Wageni waambiwe waziwazi kwamba baba ameruhusiwa na mama kuingia na kiatu. Pili, buti lina soli nene, kwa hiyo mguu wa kulia unakuwa mrefu kuliko wa kushoto, kiuno kinaanza kuuma, magoti yanauma, mtu anayumba. Wengi hulivua kwa sababu hii na hawaisemi, wanajibu tu kwamba "linachosha".

Hapo ndipo fundi wa Mwanjelwa anapoingia. Mpelekeeni kiatu cha kushoto, kiwe imara chenye kisigino kilichozibwa na cha kufunga, pamoja na kipimo cha unene wa soli ya buti. Aongeze soli ya kushoto hadi miguu ilingane. Atumie mpira mwepesi wa mikrosela kama anao, tairi ni zito mno kwa kazi hiyo. Apandishe soli yote kuanzia kisigino hadi mbele, maana wengine hupandisha kisigino peke yake na mgonjwa anasukumwa mbele kwenye vidole. Baba akisimama na vyote viwili, mwangalieni kwa nyuma: mkanda wa suruali uwe sawa kushoto na kulia. Gharama yake ni ndogo na manufaa yake makubwa. Kiatu hicho pia kinaulinda mguu wa kushoto, ambao sasa unafanya kazi zaidi na wenyewe una ganzi vilevile. Mguu wa kushoto ukaguliwe kila jioni, kwa kioo au kwa macho yenu.

Turudi kwenye kufunga. Nimesema masharti mawili. Damu: daktari au muuguzi aguse mapigo juu ya wayo na nyuma ya kifundo cha ndani, na kama hayasikiki vizuri, apime shinikizo la damu la kifundoni akilinganisha na la mkono. Mguu wenye mishipa iliyoziba sana haufungwi; unatafutiwa damu kwanza. Maambukizi: kidonda chenye wekundu unaosambaa, usaha, harufu, au ambacho daktari akichokoa kwa kijiti cha chuma anagusa mfupa, kinahitaji dawa na pengine upasuaji, na kinahitaji kufunguliwa mara kwa mara. Maambukizi madogo peke yake hayazuii kufunga, wala damu iliyopungua kidogo peke yake haizuii. Vikikutana vyote viwili, au kimoja kikiwa cha wastani, buti la kuvua ndilo salama. Kikiwa kikali, anatibiwa kwanza, na habari ya kufunga inasubiri.

Naongeza la tatu ambalo vitabu haviliandiki kwa mkazo: umbali. Mguu wenye ganzi ukiwa umefungwa hauwezi kupiga kelele. Lazima mtu aweze kufika kliniki siku hiyohiyo jambo likiharibika. Ninyi Kiwira mko kando ya barabara kuu ya lami iendayo Mbeya upande mmoja na Tukuyu upande wa pili, magari hayakosekani, kwa hiyo kwenu naona inawezekana. Angekuwa anakaa ndani kabisa milimani, ambako mvua ikikata njia bodaboda haifiki siku tatu, ningesita kumfunga na ningebaki kupigana na buti la kuvua. Na kama baba haoni vizuri au ameshaanguka mara kadhaa, mwambieni muuguzi kabla. Atahitaji fimbo, aishike mkono wa kushoto, upande ulio kinyume na mguu wenye buti.

Msilifunge wenyewe nyumbani kwa kamba, gundi wala bandeji ya kununua. Siku ya kufunga, kliniki watakwangua sugu, watasafisha kidonda, watapima ukubwa wake, watafunika mifupa iliyotokeza, ndipo watalifunga. Litafunguliwa tena kila wiki au baada ya muda watakaowapangia, kidonda kipimwe, lifungwe upya. Hakuna kuahirisha tarehe hiyo kwa sababu ya msiba au mavuno. Katikati ya tarehe hizo, baba asioge mguu huo. Mguu uwekwe juu ya stuli nje ya beseni, umefunikwa mfuko wa plastiki. Asiingize mwiko wala kijiti kujikuna. Mkiona majimaji yamepenya hadi nje, mkisikia harufu mpya, vidole vikibadilika rangi au kuvimba, buti likianza kucheza kwa sababu uvimbe umepungua, baba akipata homa, au sukari ikipanda bila sababu ya chakula, lifunguliwe siku hiyo. Maumivu mapya kwenye mguu uliokuwa na ganzi ni habari mbaya, asifurahi kwamba hisia zimerudi.

Kuhusu "si ng'ombe wa kufungwa kamba", mimi ningemwelewa. Mtu aliyeongoza darasa maisha yake yote anaambiwa na binti aliyemsomesha kwamba hawezi kuaminiwa na kiatu chake. Jaribuni kumpa nafasi ya kuamua. Mwambieni ni ya muda, na kipimo anakishika yeye. Muuguzi akifungua kila wiki, aweke karatasi ya plastiki safi juu ya kidonda, achore mpaka wake kwa kalamu, ampe baba mchoro. Baba aubandike kwenye daftari na kuandika tarehe. Kidonda kinachoelekea kupona kwa kawaida kinapungua nusu ya eneo lake ndani ya wiki nne za mwanzo. Kisipofika hapo, ana haki ya kuuliza kwa nini, na daktari ana wajibu wa kutafuta: damu, mfupa, au kifaa hakikai sawa. Mzee wa namna hii, akishakuwa msimamizi wa daftari, mara nyingi hugeuka kuwa mkali kuliko muuguzi.

Akikataa bado, msimlazimishe. Atabaki na la kuvua, na kwa hilo kuna masharti. Linavuliwa akiwa kitandani na wakati wa kuoga amekaa, basi. Linakaa pembeni mwa kitanda, na ndala ziondoke kabisa chumbani. Zikiwepo atazivaa, hata mimi ningezivaa. Kopo la haja ndogo liwekwe karibu na kitanda usiku. Hilo la kopo usilisemee wewe, mwachie mama au kaka yako amwambie wakiwa wawili. Asubuhi, kabla mguu haujaingia, mkono uingie kwanza ndani ya buti na kupapasa hadi kwenye vidole: nimewahi kutoa humo punje za mahindi, kifungo cha shati na kipande cha mkaa, na mwenye mguu hakuwa na habari. Soksi iwe ndefu hadi juu ya buti, safi, isiyo na mshono mnene wala mpira unaokaba. Akae, asukume kisigino hadi nyuma kabisa, afunge mkanda wa juu ya wayo, kisha wa kifundo, kisha apande hadi juu. Akianza na wa juu, kisigino kinabaki kimening'inia na mguu unasaga ndani kila hatua. Mikanda ibane kiasi cha kupitisha kidole kwa taabu. Baada ya nusu saa aikaze tena. Jioni angalieni muundi na vifundo, kama kuna wekundu usioondoka.

Msitoboe soli ya ndani ya buti pale kidonda kilipo, hata kama inaonekana ni akili. Ukingo wa tundu unabeba uzito ulioondolewa na kukata ngozi ya pembeni. Kuna mabuti yaliyotengenezwa kupunguzwa soli kwa vipande, lakini hiyo ni kazi ya mtu aliyefundishwa.

Sasa viatu vya tairi na sponji. Sponji laini inapendeza ukiibonyeza kwa kidole, ila chini ya mtu wa kilo themanini inalala siku chache za mwanzo na kubaki kama karatasi. Tairi halina pa kushika kifundo wala shavu la mguu, kwa hiyo uzito wote unarudi kwenye unyayo. Mikanda yake inapita juu ya vidole vyenye ganzi, na misumari ya kushikizia siku moja huchungulia ndani. Gambuti nazo nyingi nimeziona kwa wakulima wa viazi wa Isyonje na Uyole, zinakinga matope lakini mguu unaelea ndani, unaloa jasho, na kokoto ikiingia haitoki hadi jioni. Kwa mtu mwenye kidonda wazi, nazikataa. Kama kuna anayesoma hapa ambaye hana buti kabisa na hospitali yake haina POP, amwombe muuguzi aliyefundishwa amwekee pedi nene ya feliti (kitambaa kinene kilichoshindiliwa) kuzunguka kidonda, ndani ya kiatu kinachomtosha, na apunguze hatua kwa magongo au kiti cha magurudumu. Ni tiba dhaifu kuliko buti, lakini inazidi kutembea peku mbali sana.

Kwa baridi yenu ya Juni na Julai, naomba sana: miguu yote miwili ikae mbali na jiko la mkaa na moto wa kuni, na hakuna chupa ya maji moto kitandani. Kila msimu huo wanaletwa watu wenye malengelenge ya nyayo ambao hawakusikia wanapoungua. Soksi mbili za sufi na blanketi zinatosha. Plastiki ya buti nayo inalainika ikikaribia moto, ikishapinda haifai tena.

Kidonda kikifunga, asirudi kwenye ndala wiki hiyohiyo. Ngozi mpya ni nyembamba; aendelee na buti kwa muda atakaoambiwa huku akiingia taratibu kwenye kiatu chake kipya. Miongoni mwa waliopona, takriban asilimia 40 hupata kidonda kingine ndani ya mwaka mmoja, mara nyingi palepale. Kiatu anachohitaji hapo kina kina cha kutosha juu ya vidole, kisigino imara, soli ngumu iliyopinda mbele, na soli ya ndani iliyofinyangwa kwa umbo la unyayo wake. Hicho hutengenezwa kwenye karakana ya viungo bandia. Ulizieni Hospitali ya Rufaa ya Kanda Mbeya wawaelekeze. Nchi hii inao wataalamu wa kazi hiyo, chuo cha TATCOT pale hospitali ya KCMC, Moshi, kinawafundisha tangu 1981. Agizeni mapema, kidonda kikiwa bado kinaelekea kufunga, msisubiri hadi siku buti linapovuliwa ndipo mwanze kutafuta kiatu. Na kwa kuwa nyumbani ndiko hatua zilipo, ombeni jozi ya ndani pia, nyepesi, safi, isiyowahi kukanyaga matope.

Mkienda kliniki safari hii, bebeni buti, kiatu cha kushoto, ndala zote mbili na orodha ya vipimo vya sukari vya wiki mbili zilizopita. Ombeni mapigo ya mguu yapimwe na kidonda kichokolewe mbele yenu, jibu liandikwe kwenye daftari la baba. Kama kabla ya siku hiyo kidonda kimeanza kunuka, mguu umevimba na kuwa wa moto, au baba anatetemeka kwa baridi huku mwili unachemka, msingoje tarehe. Pelekeni hospitali usiku huohuo.